Kresenti: nyumba nyingi, uso mmoja

Kresenti ni safu ya nyumba zilizoungana ukuta kwa ukuta, zikafuata upinde badala ya mstari ulionyooka. Kwa kawaida upinde huo hukumbatia bustani au uwanja wa nyasi. Iliyoupa mtindo huu sifa ni Royal Crescent ya mji wa Bath, Uingereza, iliyojengwa kati ya 1767 na 1774 ikiwa na nyumba 30. Karne ya 19 ilipoingia, miji mingine nayo ilizitaka, na hapo ndipo ilipozaliwa Park Crescent ya London, ambayo nitaitumia kueleza dhana yenyewe.

Msanifu wake alikuwa John Nash, aliyefanya kazi chini ya ufadhili wa mwana wa mfalme ambaye baadaye alitawazwa kuwa George IV. Nash alikusudia duara kamili la nyumba pale ambapo barabara ya Portland Place inakaribia bustani kubwa ya Regent's Park. Ujenzi ulianza 1812, lakini mjenzi aliyepewa kazi, Charles Mayor, akafilisika zikiwa zimesimama nyumba chache tu. Wengine waliikamilisha miaka ya mwanzo ya 1820, ila nusu ya kusini peke yake. Upande wa kaskazini uliachwa wazi, na leo mtu akitoka Portland Place anaona majengo yakifunguka kulia na kushoto kuelekea kwenye miti. Kwangu mimi, nusu hiyo inapendeza kuliko duara ambalo lingeifunga bustani pande zote.

Kupinda pekee hakutoshi. Kiini cha kresenti ni kwamba nyumba zote huvaa uso mmoja, hata zikaonekana kama kasri la mtu mmoja. Pale Park Crescent, nguzo za Ionia, mtindo wa Ugiriki ya kale, zimepangwa mbili mbili kwenye ghorofa ya chini, zikabeba baraza linalopita mbele ya milango yote bila kujali nyumba ya nani inaishia wapi. Juu yake madirisha yamelingana kimo na nafasi. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kuongeza roshani yake wala kuchagua rangi yake, kwa sababu akifanya hivyo anaharibu sura ya wote.

Ugumu uko ndani. Kuta zinazotenganisha nyumba huelekea kwenye kitovu cha upinde, kwa hiyo kila nyumba ni nyembamba mbele na pana nyuma, kama kipande cha keki kilichokatwa ncha. Chumba hakiwezi kuwa na pembe nne za mraba. Upinde ukiwa mkubwa, tofauti hiyo ni ndogo na mkaazi haioni. Ukiwa mdogo, hata kabati hukataa kukaa sawa ukutani. Nyuma, mahali ambapo mpita njia hafiki, utaratibu ule wa mbele hulegea. Huko Bath, kila mnunuzi alijijengea nyumba apendavyo nyuma ya uso wa pamoja, ndiyo maana migongo ya nyumba zile haifanani hata kidogo.

Weupe wa Park Crescent pia si wa mawe. Ni matofali yaliyopigwa lipu laini na kupakwa rangi yafanane na mawe yaliyochongwa. Njia hii ilikuwa rahisi kwa gharama, na Nash alisimangwa sana kwa kuipenda. Sioni kosa lake. Lipu ndiyo iliyowezesha upinde mrefu namna ile kuonekana kitu kimoja kisicho na viungo.

Mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia yaliiharibu vibaya Park Crescent. Katika miaka ya 1960 nyumba nyingi zilijengwa upya, kwa mbele zikirudishiwa sura ya Nash na kwa ndani zikapangwa upya kabisa. Wapo wanaosema hiyo si kresenti ya asili tena. Hoja yao ni nzito kwa nyumba ya kawaida, lakini hapa uso ndio uliokuwa usanifu tangu siku ya kwanza, na sheria ya Uingereza inaulinda katika daraja la juu kabisa la majengo ya kihistoria.