Kioo kimekufa, au taa yake tu?

Hapa Dodoma kamera ndogo ya dijitali ikiwaka bila kuonyesha kitu, hukumu ni moja. Mpiga picha wa mahafali anaipeleka kwa fundi, fundi anabonyeza kitufe, lenzi inatoka na mlio wake, skrini nyeusi tii. "Kaka, kioo kimekufa. Tafuta kingine." Kamera haijafunguliwa hata skrubu moja.

Kioo kufa maana yake paneli ya LCD yenyewe, lile bamba linalochora picha, imeharibika: imepasuka, au ina doa jeusi linalotambaa kila siku, au mistari isiyotoka. Hapo sawa, nunua paneli.

Shida ni kwamba paneli ya LCD haitoi mwanga. Haijawahi kutoa. Kazi yake ni kuruhusu mwanga upite hapa na kuuzuia pale, na mwanga wenyewe unatoka kwenye taa ya nyuma: LED nyeupe chache, yaani vitaa vidogo, zilizopangwa ukingoni, nuru yake ikisambazwa na karatasi za plastiki zilizolala chini ya paneli. Taa hiyo ikizimika, picha bado ipo, imechorwa yote, ila huioni, kama pazia la maua katika chumba chenye giza. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, ingia kivulini, washa kamera, bonyeza menyu, kisha mulika skrini kwa tochi ya simu ukiielekeza kwa pembeni. Ukiona maandishi ya menyu kwa mbali, hafifu hafifu, paneli ni nzima. Kilichokufa ni taa, au fyuzi yake ndogo kwenye bodi, au mkanda, yaani waya bapa, unaoipelekea umeme. Ukinunua paneli peke yake na fyuzi ikawa ndiyo imekatika, utarudi na weusi uleule.

Skrini ikiwa nyeupe tupu, mambo yamegeuka: taa inawaka, picha ndiyo haifiki. Mara nyingi kamera ilianguka na mkanda ukachomoka.

Halafu kuna hili ambalo hata mafundi wazuri wanalichanganya. Menyu inaonekana vizuri, picha za zamani zinafunguka safi, lakini ukitaka kupiga unaona giza au mistari ya zambarau. Hiyo skrini haina kosa lolote! Tatizo liko mbele, kwenye kihisi cha picha, kile kinachopokea mwanga wa lenzi, au shata yake, kipazia kinachouruhusu na kuuzuia. Mwaka 2005 makampuni kadhaa, Canon na Nikon yakiwemo, yalitangaza kwamba baadhi ya kamera zao zilikuwa na vihisi vya aina ya CCD vilivyotengenezwa na Sony ambavyo nyaya zake za ndani huachia kwa joto na unyevu. Kamera za umri huo bado zinauzwa mitumbani, na zinabadilishwa vioo bila sababu.

Vumbi letu nalo linasingiziwa. Vumbi hukwamisha lenzi, LED haliunguzi. Na jua la saa saba pale Nyerere Square hufifisha hata skrini isiyo na kosa, ongeza mwangaza kwenye menyu kwanza. Kamera nyingine zina kitufe cha DISP kinachozima skrini kwa makusudi, kibonyeze mara mbili tatu kabla ya kumsumbua mtu.

Kufungua usifungue mwenyewe. Kapasita ya flashi, kifaa kinachotunza umeme wake, hubaki na volti kama 300 hata betri ikiwa mezani.

Nenda kwa fundi yuleyule, sina ugomvi naye, ila usimpelekee jina la ugonjwa. Mwambie ulichokiona: "Fundi, nikimulika tochi menyu naiona." Akisikia hivyo, ataanza kupima kwenye taa.