Athari ya ukubwa: kwa nini uzi mrefu wa kauri hukatika mapema

Uzi mmoja wa kauri ni mwembamba kuliko unywele. Nyingi zina unene wa maikromita 10 hadi 15. Ili kuupima, hugundishwa kwenye fremu ya karatasi yenye dirisha, fremu ikafungwa kwenye mashine, kingo zake zikakatwa, kisha uzi ukavutwa taratibu. Ukikatika huwa hausemi "tap" na kubaki vipande viwili, husambaratika. Ndiyo maana wengine huupaka grisi kwanza, angalau wapate ncha ya kutazama kwa hadubini.

Kwenye ncha hiyo mara nyingi utaona chanzo: kitundu, mkwaruzo au chembe ngeni. Chuma kikiwa na ufa mdogo hulegea kidogo pale kwenye ncha ya ufa na mkazo ukapungua. Kauri hailegei. Kasoro moja mbaya kuliko zote ndiyo inayoamua, kama pete dhaifu ya mnyororo, na kadiri uzi unavyokuwa mrefu ndivyo nafasi ya kuwa na kasoro kama hiyo inavyokua. Hiyo ndiyo athari ya ukubwa.

Kwa hiyo nguvu ya uzi haielezwi kwa namba moja, bali kwa uwezekano wa kukatika. Hesabu inayotumika zaidi ni ya Waloddi Weibull, mhandisi wa Uswidi, aliyoitoa mwaka 1939. Moyo wake ni namba iitwayo m, moduli ya Weibull: ikiwa ndogo, matokeo yametawanyika sana, ikiwa kubwa, nyuzi zinafanana.

Tuseme vipande vya milimita 25 hukatika kwenye mkazo wa megapaskali 3000 kwa wastani (mkazo ni nguvu ya kuvuta ikigawanywa kwa eneo la mkato wa uzi). Vya milimita 250, kama m ni 5, vitakatika karibu na 1900. Kama m ni 20, vitafika karibu 2670. Urefu umeongezeka mara 10 katika hali zote mbili, hasara ni tofauti kabisa.

Hapa ndipo wengi hujikwaa: hupata m kwa vipimo vichache vya urefu mmoja, kisha wakakisia nguvu ya uzi wa mita nzima. Vipimo vitano havitoshi. 30 ni mwanzo mzuri. Na hata hivyo, m inayotokana na mtawanyiko wa matokeo ya urefu mmoja mara nyingi haiafikiani na ile inayopatikana kwa kulinganisha urefu mbalimbali. Sababu moja ni unene, ambao hutofautiana kati ya uzi na uzi, hata ndani ya uzi uleule. Anayetumia unene wa wastani kwa nyuzi zote anaingiza kosa lake mwenyewe kwenye m, halafu analaumu kauri.