Ukungu wa komamanga huanzia kwenye ua

Komamanga likioza ghalani, lawama huangukia baridi. Mimi huanza na taji, yaani ile sehemu yenye meno iliyobaki ya ua juu ya tunda. Pasua wima tunda lililoanza kuwa kahawia juu: mara nyingi uozo umeanzia kwenye stameni (nyuzi za kiume za ua) zilizokauka ndani ya taji, ukateremka gandani. Huo ni ukungu wa kijivu, Botrytis. Spora, chembe ndogo zinazoeneza ukungu, zilitua hapo wakati wa maua, zikalala, zikaamka kwenye unyevu wa ghala. Baridi huuchelewesha tu, nawe huwezi kushusha joto sana, kwani chini ya nyuzi 5 za Selsiasi ganda hubabuka na punje hupauka.

Moyo mweusi, ugonjwa wa ukungu mwingine uitwao Alternaria, nao huingilia kwenye ua, ila hauambukizi tunda la jirani. Nje tunda ni zima, pengine jepesi kidogo na rangi imefifia; ndani punje ni nyeusi. Dawa ya baada ya mavuno haiufikii, kwa hiyo usipoteze fedha hapo.

Kazi kubwa basi iko shambani. Kabla ya maua, pogoa katikati ya mti hewa ipite, uondoe matunda yaliyokauka matawini, maana ndiyo maghala ya spora. Maua yakichanua, nyunyiza dawa ya ukungu iliyosajiliwa kwa komamanga, ukibadilisha makundi ya dawa ili ukungu usizoee. Mwagilia kwa matone, kwa kipimo kisichoyumba: udongo uliokauka ukilowa ghafla, ganda hupasuka, na ukungu wa aina nyingine, Aspergillus na Penicillium, hupita kwenye ufa huo.

Usivune matunda yenye umande wala usivute. Kata kikonyo kifupi kwa mkasi, kisije kikatoboa tunda jirani, na upange kwenye kreti, si gunia.

Ukiosha, tumia klorini miligramu 100 kwa lita (mililita 2 za klorini ya maji ya 5% kwa kila lita), pH (kipimo cha uchachu wa maji) kati ya 6.5 na 7.5. Maji yakichafuka klorini huisha nguvu. Pima mara kwa mara, badilisha. Hapa ndipo wengi hukosea: klorini huua spora za majini na juu ya ganda, haiponyi kilicholala ndani ya taji, na maji yakibaki humo umeulisha ukungu. Geuza taji chini, puliza feni hadi likauke kabisa.

Hifadhi kwa nyuzi 5 hadi 7, unyevu 90 hadi 95%. Kagua kreti kila wiki. Ukikuta nyuzinyuzi za kijivu, toa tunda hilo pamoja na yote yanayoligusa, hata yanayoonekana mazima.