Kabla Hujalipia Makala ya Utafiti
Mtu anatafuta utafiti kuhusu ugonjwa wa mzazi wake. Anaipata makala, anasoma ikisiri, kisha unamtokea ukurasa unaodai malipo ndipo aendelee. Wengi hukata tamaa hapo. Sisi wakutubi linatuuma hili, maana mara nyingi makala hiyohiyo ipo kwingine, bure na kihalali.

Tangu mwaka 1665, Philosophical Transactions ilipoanza kuchapishwa London, jarida la kitaaluma lilikuwa karatasi. Maktaba ikishalinunua, hakuna wa kuja kulichukua rafuni. Siku hizi maktaba nyingi hulipia ruhusa ya kuingia kwenye tovuti ya mchapishaji, na mkataba ukiisha, hata matoleo ya nyuma huweza kufungwa. Lakini intaneti hiyohiyo ilifungua mlango mwingine. Mwaka 1991 mwanafizikia Paul Ginsparg alianzisha hazina inayoitwa leo arXiv, ambako watafiti huweka kazi zao zisomwe na yeyote. Mwaka 2002 Azimio la Budapest likadai ufikiaji huria wa makala za utafiti, yaani zisomwe mtandaoni bila malipo.

Kinachowapita wasomaji wengi ni kwamba makala moja huwa na sura tatu. Kuna rasimu ya awali, ambayo wahakiki, yaani wataalamu wanaoipima makala kabla jarida halijaichapisha, hawajaigusa. Kuna nakala iliyokubaliwa: mwandishi amekwisha kuirekebisha kwa maoni ya wahakiki, ila jarida halijaipanga kurasa. Mwisho ni toleo la jarida lenyewe. Hiyo ya pili ndiyo ya kuitafuta. Majarida mengi humruhusu mwandishi kuiweka kwenye hazina ya chuo chake, pengine baada ya kusubiri miezi kadhaa.

Nakili kichwa chote cha makala, kifunge kwa alama za kunukuu, ukitafute kwenye Google Scholar, tovuti ya kutafuta maandishi ya kitaaluma, kisha fungua orodha ya matoleo yote. Unpaywall, huduma ya mtandaoni, nayo hutafuta nakala huria kwa kutumia DOI, namba ya kudumu ya makala. Ukikwama, mwandikie mwandishi. Baruapepe yake kwa kawaida imo kwenye ukurasa wa makala. Usione haya. Kwa kawaida mtafiti halipwi chochote unaponunua makala yake, na wengi hufurahi kuona kazi yao inasomwa.

Rasimu ya awali isomwe kwa tahadhari zaidi, hasa ya tiba. Wakati wa UVIKO-19 rasimu za namna hiyo zilisambaa haraka kuliko wahakiki walivyoweza kuzipima. Usibadilishe dawa kwa sababu ya rasimu.

Ufikiaji huria una gharama yake. Baadhi ya majarida humtoza mwandishi badala ya msomaji, na matapeli wameliona soko hilo: wanapokea ada na kuchapisha chochote, bila uhakiki. Ukilitilia shaka jarida huria, litafute kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanzishwa mwaka 2003. Kutokuwemo pekee hakuthibitishi utapeli, lakini ni sababu ya kuuliza zaidi.

Jambo moja zaidi, nalo husahaulika sana. Faili uliyoihifadhi mwaka juzi haiwezi kukuambia kwamba makala imeondolewa kwa sababu ya makosa au udanganyifu. Kabla hujaitegemea au kumpelekea mwenzako, fuata DOI yake hadi kwenye ukurasa wa jarida, uangalie kama pana tangazo la kuiondoa.