Masikio ya mtoto mchanga ndani ya ndege: maswali ya wazazi wanaoondokea Entebbe

Kwa nini mtoto hulia sana ndege inapokaribia kutua?

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna uwazi mdogo wenye hewa, uliounganishwa na nyuma ya pua kwa mrija mwembamba. Ndege ikishuka, mgandamizo wa hewa ndani yake huongezeka. Mrija usipofunguka, ngoma ya sikio husukumwa kwa ndani. Inauma. Mrija wa mtoto ni mfupi, mwembamba na umelala, kwa hiyo huziba upesi. Mtu mzima hupiga miayo au humeza mate, yakaisha. Mtoto hajui hilo, ingawa kilio chenyewe humsaidia kidogo kuufungua.

Na wakati wa kupaa?

Taabu huwa ndogo, maana hewa hutoka sikioni kwa urahisi kuliko inavyoingia. Isitoshe, Entebbe tayari iko mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ndani ya ndege ikiwa angani hufanana na ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Ndiyo maana kutua Dubai au Mombasa, kando ya bahari, huweza kuyasumbua masikio kuliko kutua Entebbe. Waliopanda basi la Kabale, mji wa milimani, wanaijua hali hiyo ya masikio kuziba.

Nimnyonyeshe wakati gani?

Hapa ndipo wengi hukosea: mtoto hunyonya njia nzima, akashiba, akalala fofofo wakati anapohitaji kumeza. Ndege huanza kushuka nusu saa hivi kabla ya kutua. Mbakizie njaa kidogo, kisha mwamshe, hata kama jirani yako atanuna. Mpe ziwa, chupa au nyonyo bandia, kichwa kikiwa juu kuliko tumbo. Akikataa, usimlazimishe.

Ana mafua. Tusafiri?

Mpeleke kliniki kwanza, hasa akiwa na homa au sikio linauma. Huenda mkashauriwa kuahirisha. Matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa hulainisha kamasi. Dawa za mafua za watu wazima usimpe kabisa. Parasetamoli hupimwa kwa uzito wa mtoto, na aliye chini ya miezi mitatu asipewe bila daktari.

Bibi anasema nimtie mafuta ya uvuguvugu sikioni.

Shikamoo zake, lakini hapana. Tatizo liko nyuma ya ngoma. Mafuta hayafiki huko.

Nimwone daktari lini?

Sikio likitoa usaha au damu, homa ikipanda, au maumivu yakiendelea hadi kesho yake.