Watoto wa siku hizi: tunayosema Mwanza na yalivyo kweli

Mada hii haihitaji kuchokozwa. Panda daladala ya Buhongwa saa kumi jioni, mwanafunzi asimpishe mama mtu mzima kiti, utasikia gari zima likitoa hukumu. Maadili yameporomoka, ni simu, ni utandawazi, ni hizi haki za watoto. Kituo kimoja nyuma konda amewazuia wanafunzi mlangoni, "wawili tu, wengine subirini", kwa kuwa nauli yao ni ndogo. Hapo gari zima lilinyamaza.

Nimeyaweka hapa yale yanayosemwa sana kwenye vikoba, sokoni na baada ya ibada, na pembeni yake yale yanayojulikana. Mengine yana nusu ya ukweli, mengine tumeyazoea tu.

"Zamani vijana wote walikuwa na adabu"

Zamani ipi? Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na mikorogo ya kuchubua ngozi, kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Ikaitwa Operesheni Vijana. Malalamiko ya wakubwa wa wakati ule ni haya haya ya leo: vijana wameiga Uzungu, wametupa mila, mji umewaharibu. Novemba 1969 muziki wa soul nao ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Msichana aliyekuwa na miaka 18 siku hizo sasa amepita 70, na huenda ndiye bibi anayekuapia kwamba kizazi chake hakikuwahi kuinua macho mbele ya mkubwa.

Na sisi wa Usukumani tusijisahaulishe. Tulikuwa na shikome, moto wa jioni walipokaa wazee na vijana wa kiume, hadithi zikatolewa, vitendawili vikategwa, mtu akafundishwa bila kujua kwamba yuko darasani. Jambo zuri kabisa. Tulikuwa pia na chagulaga: kundi la vijana linamzingira binti njiani, mara nyingi usiku akitoka ngomani, hawamwachii mpaka amchague mmoja wao. Leo tunauita ukatili, na ndivyo ulivyo. Mambo haya mawili yalikuwa ya watu wale wale. Kwa hiyo anayesema turudi kwenye mila ataje anarudisha ipi.

Shikome halikuzimwa na kiburi cha watoto. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha kaya na kuzipanga upya, shule ikachukua mchana wa mtoto, kazi za mjini zikamchukua baba. Halafu miaka ya 1990 viwanda vya minofu ya sangara vikaanza kusafirisha mzigo kwenda Ulaya, watu wakamiminika mialoni, kule samaki wanakoshushwa na kuuzwa, kutoka kila upande. Mvuvi wa dagaa kazi yake ni ya usiku wa giza, taa zikiwa juu ya maji. Mbalamwezi ikiwaka ndipo anapumzika. Ina maana saa ile ambayo moto ungekuwa unawashwa nyumbani, yeye ndiyo kwanza anaingia majini. Mama yuko Mwaloni Kirumba anahangaika na magunia, au ana karai la samaki wa kukaanga barabarani hadi saa tatu. Nyumba imebaki na nani?

Kuhusu ule usemi kwamba mtoto alikuwa wa wote, hapo nakubali. Alikuwa wa wote kwa sababu wote walijuana. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Mwanza una watu wapatao milioni 2.77, ya 2022 ikaukuta una milioni 3.7. Hao waliozidi ni pamoja na waliopanga chumba kimoja kimoja juu ya mawe ya Mabatini na Igogo, na wengi wao mwaka kesho watahamia kwingine. Ukimkanya mtoto wa chumba cha pili, mama yake atakuuliza wewe ni nani. Nawe kweli hujui jina lake.

"Simu ndiyo imewaharibu"

Hili tuliangalie kwa karibu, maana lina ukweli ndani yake. Laini ya simu hapa kwetu inasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na kitambulisho hicho hupewa mtu aliyetimiza miaka 18. Kwa hiyo laini iliyo mkononi mwa mtoto wa darasa la sita imebeba jina la mtu mzima. Bando kanunua mtu mzima. Video zinazojileta zenyewe kwenye YouTube na TikTok nazo hufuata sana yale yaliyokwisha kutazamwa kwenye simu hiyo. Baba akikesha na video za hovyo, asubuhi akampa mtoto simu ili atulie, mtoto anaendelea pale baba alipoishia.

Wakati tunaigombeza simu, kuna kisanduku cha kamari kimekaa kibarazani kwa mwenye duka, taa zinawakawaka, picha za matunda zinazunguka. Wengine wanaiita dubwi, wengine bonanza. Inakula sarafu ya shilingi 200. Simama pale kwa robo saa baada ya shule kufunga: mtoto mwenye sare, begi mgongoni, anatumbukiza, anabonyeza, anagonga kisanduku kwa kiganja, anatumbukiza tena. Wenzake watatu wanamshauri kama makocha. Sarafu zikimwishia anaingia dukani na noti ya elfu, anatoka na sarafu tano.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 inamkataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza. Mwenye duka anaijua sheria hiyo, na sare anaiona. Ndiye anayemchenjia. Siku ya kufungua kisanduku mwenye mashine anakuja, wanahesabu, wanagawana, na jioni hiyo hiyo mmoja wao atakuwa kwenye kikao cha mtaa akilalamika kwamba vijana wanaiba kuku. Sasa hapo mwenye tabia mbaya ni nani?

Vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, navyo ni hivyo hivyo. Mtoto hajijengei kibanda, hajichagulii filamu ya saa nne usiku. Kuna mtu mzima anapokea kiingilio mlangoni.

"Wanaoharibika ni vijana, wakubwa tuko sawa"

Mjini Sengerema kuna sanamu ya baba aliyembeba begani mtoto mwenye ualbino, mama akimvika kofia ya kumkinga na jua. Iliwekwa kwa kumbukumbu ya watu wenye ualbino waliouawa na kukatwa viungo, mauaji yaliyoshamiri Kanda ya Ziwa kuanzia miaka ya 2006 na 2007. Viungo vilitafutwa kwa imani kwamba vinaleta utajiri, kwenye uvuvi na kwenye machimbo ya dhahabu. Walioagiza walikuwa watu wazima wenye fedha, walioambiwa na waganga watu wazima. Wakati ule simu za kupangusa zilikuwa bado hazijafika mikononi mwa watoto wa vijijini kwetu.

"Fimbo ikiondoka, adabu inaondoka"

Kwanza, fimbo haijaondoka. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu adhabu ya viboko shuleni, visizidi vinne, kwa kosa kubwa, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini, na viandikwe kwenye kitabu. Msichana apigwe na mwalimu wa kike, kama yupo. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo haikumnyang'anya mzazi mamlaka ya kumrudi mwanawe. Ilichokataza ni mateso na adhabu isiyolingana na umri wala kosa. Anayesema "serikali imetukataza kuadhibu watoto" hajaisoma.

Pili, tumepiga sana. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana walioulizwa, wa kike na wa kiume, walipigwa ngumi, mateke, mijeledi au walitishwa kwa silaha kabla ya kutimiza miaka 18. Ingekuwa kipigo ndicho kinachozaa maadili, taifa hili lingekuwa limeshatakasika. Ng'ambo ya ziwa, Bukoba, mwaka 2018 mwanafunzi wa darasa la tano alifariki baada ya kuadhibiwa na mwalimu, na mwalimu akashtakiwa kwa mauaji. Ilisemekana alituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu mwingine.

Methali inayotumika sana hapa ni samaki mkunje angali mbichi. Sawa. Mama anayebanika kambale anamkunja taratibu, mkia ukikutana na mdomo, kwa kuwa akitumia nguvu ngozi inapasuka na mteja atapunguza bei. Hampigi.

"Dada wa kazi ndiye anamfundisha mtoto tabia mbaya"

Dada mwenyewe mara nyingi ni mtoto. Ametoka Ukerewe au Magu akiwa na miaka 14 au 15, analala wa mwisho, anaamka wa kwanza, na tunamtaka alee kwa hekima ambayo sisi wenyewe tumeshindwa kuitafutia muda.

"Mpeleke bweni mapema, atanyooka"

Wizara ya Elimu ilizuia Machi 2023 huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Sababu ni kwamba mtoto wa umri huo anahitaji kushikamana na wazazi wake. Wapo waliokasirika. Nadhani walikasirika kwa sababu wameguswa.

"Mabinti wanajitakia mimba"

Huwa nasikia hili kwa sauti kubwa kuliko yote, na mara nyingi kutoka kwa wanaume. Tuanze na hesabu, maana kila mtu anaamini hali inazidi kuwa mbaya mwaka hadi mwaka. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2010 ulikuta asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba au kuzaa. Ule wa 2015/16 ukakuta 27. Wa 2022 ukakuta 22. Imepanda, ikashuka. Bado ni zaidi ya mmoja kati ya watano, hakuna cha kupongezana, ila picha ya kizazi kinachoporomoka kama jiwe kutoka kilimani haimo kwenye takwimu hizo.

Tumrudie yule konda. Mwanafunzi aliyezuiwa mlangoni anasubiri gari la pili, la tatu, jua linazama. Anakuja wa bodaboda, anamwambia panda nikusogeze, utanilipa siku nyingine. Kesho tena. Wiki ya tatu kuna chipsi kwenye mfuko wa nailoni. Binti hajalipa hata mara moja na anajua anadaiwa. Kwa wanaosoma mbali, wa Misungwi au Kwimba vijijini, hata daladala hakuna. Ni kutembea, au kupangishiwa chumba na wenzake karibu na shule, geto lisilo na mzazi.

Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Adhabu ni kali kweli. Lakini kwa miaka mingi aliyeadhibiwa kwa hakika alikuwa binti, kwa kufukuzwa shule, hadi Novemba 2021 serikali iliporuhusu waliojifungua warudi darasani. Kuna wazazi waliosema kuwarudisha ni kuhamasisha uzinzi. Baba wa watoto hao hakuna aliyewauliza kama wamerudi kazini.

"Watoto wanaharibiwa na watu wasiojulikana"

Tunawaonya watoto wasipokee pipi ya mgeni. Vizuri. Utafiti ule ule wa 2009 ulikuta karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Wageni wamo, lakini wengi waliotajwa ni watu ambao mtoto anawafahamu: majirani, ndugu, watu wenye mamlaka juu yake. Na hiyo ya wavulana irudiwe polepole, kwa sababu hapa kwetu mvulana anahesabiwa kuwa salama popote. Analazwa na mjomba aliyekuja kutafuta kazi, analala na wavuvi kambini wakati wa likizo akianika dagaa, na hakuna anayemuuliza kitu. Akibadilika, akawa mkorofi, akaanza kutoroka shule, tunasema ni makundi. Baadhi ya wale tunaowaona wamelala kwenye vibaraza vya maduka katikati ya jiji walianza hivyo. Walikimbia nyumba kabla ya kuzoea mtaa.

Kinachofuata jambo likigundulika tunakijua wote. Kikao cha ukoo. Aliyefanya anapigwa faini, ng'ombe au fedha, mama wa mtoto anaambiwa asiivue nguo familia, na mwakani mtu huyo yumo kwenye kamati ya harusi akikusanya michango. Mtoto anamwamkia shikamoo, kwa kuwa ndivyo tulivyomfundisha.

Kosa la namna hiyo ni la jinai, na ukoo hauna mamlaka ya kulifuta. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, ofisi ya ustawi wa jamii ipo kwenye halmashauri, na namba 116 ni ya kutoa taarifa za mtoto, kupiga ni bure. Tarakimu tatu tu. Hata wa darasa la kwanza anazishika.