Ugonjwa wa mifupa wa figo, na kazi ya mazoezi kwa anayesafishwa damu

Figo zikishindwa kazi, mifupa nayo huugua. Ugonjwa huu haufanani kabisa na mifupa kupungua kwa uzee. Fosfeti, madini yatokayo kwenye chakula, hubaki mwilini, na vitamini D haigeuzwi kuwa ile inayofanya kazi. Kalsiamu ikishuka kwenye damu, tezi ndogo za shingoni ziitwazo parathiroidi humwaga homoni ya kuichota kutoka mifupani, na mfupa ukawa unabomolewa upesi kuliko unavyojengwa. Kuna na kinyume chake: homoni hiyo ikikandamizwa mno, kwa mfano na dawa, mfupa hulala, na nyufa ndogondogo hukaa bila kuzibwa. Mfupa wa namna zote mbili huvunjika kirahisi.

Mazoezi husifiwa hapa kupita kiasi. Mfupa huchochewa na uzito: kusimama, kutembea, kupanda ngazi. Kukanyaga pedali ukiwa umeegemea kiti cha dialisisi, yaani cha kusafishiwa damu kwa mashine, hakuubebeshi mzigo wa maana. Kinachonufaika ni misuli ya mapaja na pumzi, na hilo si dogo, kwa kuwa mifupa mingi huvunjikia kwenye kuanguka. Dawa za kufunga fosfeti ya chakula isiingie kwenye damu haziachwi kwa sababu ya mazoezi, tena hutumiwa pamoja na mlo, si saa kadhaa baadaye.

Pedali zikanyagwe saa 1 au 2 za mwanzo za kikao cha dialisisi. Baada ya hapo maji mengi yameshatolewa na presha huweza kuporomoka. Anza na dakika 5 hadi 10, upande polepole hadi 30, kwa kasi inayokuruhusu bado kuongea. Mkono wenye sindano utulie kabisa.

Siku nyingine, kaa na uinuke kitini mara 8 hadi 10 bila kusaidiwa na mikono ukiweza, nyanyua visigino ukishika meza, kisha tembea. Kifua kikibana, kichwa kikizunguka au moyo ukienda mbio bila mpangilio, acha na umwambie muuguzi. Aliyekosa kikao asifanye mazoezi mpaka asafishwe: potasiamu ikiwa juu, moyo unaweza kusimama.

Mwenye homoni ya parathiroidi iliyopanda sana kwa miaka asirukeruke wala kubeba vizito bila ruhusa ya daktari. Kwake kano ya juu ya goti huweza kukatika hata kwa kujikwaa tu.